Bendi ikirudi jukwaani, ituambie inaondoka lini

MEI 31, 2025, usiku. Banda la mpira mtaani kwetu limejaa hadi mlangoni. Ni fainali ya Klabu Bingwa Ulaya, PSG dhidi ya Inter Milan, mjini Munich. Kabla ya mechi kuanza, skrini inaonyesha jukwaa katikati ya uwanja. Linkin Park wanaanza kupiga, na dada mmoja anashika maikrofoni.

"Huyu ni nani sasa?" akauliza jamaa mmoja nyuma yangu.

"Si ni Linkin Park, buda."

"Wapi! Linkin Park ilizikwa na Chester. Hawa ni watu wengine wameazima jina."

Dogo mmoja aliyeketi sakafuni, labda miaka 16 hivi, akageuka: "Mimi hawa ndio nawajua. Na wako sawa tu."

Banda lote likalipuka. PSG walishinda 5-0 kwa hivyo ubishi wa mpira ulikufa mapema. Ule wa Linkin Park tuliubeba hadi steji ya matatu.

Nimekuwa nikiuwaza tangu siku hiyo, kwa sababu si wa bendi moja tu. Bendi kubwa ya roki ikivunjika, halafu miaka ikapita na wenyewe wakaamua kurudi, je, waendelee? Ama waliache jina lao lipumzike tulivyolikumbuka?

Wacha niseme ukweli wangu kwanza. Nilikuwa kidato cha pili Chester Bennington alipojitoa uhai, Julai 20, 2017. Habari zilitufikia bwenini kupitia simu ya wizi. Nyimbo za Linkin Park nilikuwa nimezirithi kwa flashi ya kaka yangu. Albamu ya Hybrid Theory ilitoka 2000, wakati mimi bado ni stori ya mbeleni. Lakini shule nzima tulikuwa na maboi ambao hawangeweza kumwambia mtu yeyote vile walikuwa wanajisikia, na yule mzungu wa Marekani alikuwa anawasemea. Usiku huo hakuna aliyeimba. Tulilala tu.

Kwa hivyo Septemba 5, 2024, bendi ilipotangaza imerudi na mwimbaji mpya, Emily Armstrong, mimi nilikuwa kati ya walioudhika. Niliapa sitasikiza.

Sasa tuangalie waliotangulia, ndio tujue kama hasira yangu ilikuwa na maana.

MARA MOJA TU, KISHA NYUMBANI

Mpiga dramu wa Led Zeppelin, John Bonham, alifariki Septemba 1980. Kufikia Desemba wenzake walikuwa wametangaza kwamba bila yeye hakuna bendi. Uamuzi safi.

Lakini mwaka wa 1985 wakashawishika kupanda jukwaa la Live Aid mjini Philadelphia. Dramu zilipigwa na Tony Thompson pamoja na Phil Collins, ambaye siku hiyo hiyo alikuwa ameimba London kisha akavuka bahari kwa ndege ya Concorde. Mazoezi hayakutosha. Sauti ya Robert Plant ilikuwa imekwaruza, gitaa la Jimmy Page halikuwa limekaa sawa. Ilikuwa aibu kiasi kwamba video rasmi za tamasha hilo zilipotolewa 2004, wao wenyewe walikataa sehemu yao iwekwe.

Hapo mtu angesema, mnaona? Wangekaa tu nyumbani.

Subiri. Desemba 10, 2007, walirudi tena, safari hii katika ukumbi wa O2 jijini London, kumuenzi marehemu Ahmet Ertegun, mwanzilishi wa kampuni ya rekodi ya Atlantic. Kwenye dramu alikuwa Jason Bonham, mtoto wa John. Kabla ya hapo walikuwa wamejifungia kufanya mazoezi kwa wiki kadhaa. Page alipovunjika kidole, hawakulazimisha, waliahirisha shoo. Maombi ya tiketi yaliripotiwa kufika milioni 20, kwa ukumbi wa watu wasiozidi 20,000. Wakacheza zaidi ya saa mbili, na hata wakosoaji wakavua kofia.

Kila mtu alitarajia ziara ya dunia, na pesa zilikuwa zinangoja mezani. Plant akakataa. Alikuwa na albamu mpya aliyofanya na Alison Krauss, Raising Sand, ambayo baadaye ilishinda Grammy ya Albamu Bora ya Mwaka. Wenzake wakajaribu waimbaji wengine kwenye mazoezi, wakaona haiendi, wakaacha.

Nikilinganisha 1985 na 2007 naona jambo moja. Kurudi siko kulikowaumbua. Kilichowaumbua ni kurudi kienyeji, bila kujiandaa. Na kilichowapa heshima 2007 ni kwamba walijua shoo inaisha saa ngapi.

TUSEME UKWELI KUHUSU PESA

Wapo wanaorudi kwa sababu ya chapaa, na sioni dhambi hapo. Msanii naye hulipa kodi ya nyumba. Sex Pistols waliporudi 1996 waliipa ziara yao jina Filthy Lucre, maana yake pesa chafu. Angalau hawakutuhadaa kwamba wamekumbukana.

The Police nao, kina Sting, walirudi 2007. Ziara ilipoanza kule Vancouver, mpiga dramu wao Stewart Copeland aliandika mtandaoni, bila kuombwa na mtu, jinsi walivyoboronga shoo moja. Lakini waliendelea kujirekebisha, wakazunguka dunia, wakaingiza zaidi ya dola milioni 350, na Agosti 2008 wakafunga kazi mjini New York. Hawakutoa albamu mpya, hawakudai wataishi pamoja milele. Walikuja, wakavuna, wakaenda.

Halafu kuna Oasis. Ndugu wawili wa Manchester, Noel na Liam Gallagher, waligombana Agosti 2009 kule Paris dakika chache kabla ya kupanda jukwaani, gitaa likavunjwa, na Noel akaondoka. Miaka 15 wakawa wanatupiana maneno kwenye magazeti na mitandao. Agosti 2024 wakatangaza wamepatana.

Tiketi zilipoanza kuuzwa, mashabiki wa Uingereza walipanga foleni mtandaoni masaa na masaa. Waliofika mbele walikuta tiketi ya kusimama iliyotangazwa kwa takriban pauni 150 sasa ni zaidi ya pauni 350, kwa sababu bei zilikuwa zinapanda kulingana na wingi wa wanunuzi. Kelele zikawa kubwa, na mamlaka inayosimamia ushindani wa kibiashara nchini humo ikafungua uchunguzi. Bendi baadaye ikasema mfumo huo hautatumika kwenye shoo za Amerika Kaskazini.

Kwangu hiyo ndiyo hatari kubwa kwa jina la bendi kuliko sauti kuzeeka. Oasis walijengwa na watoto wa mtaa, watu wa kazi za mikono. Ukirudi baada ya miaka 15 na mtoto wa mtaa hawezi kulipa kiingilio, umerudi kwa nani?

Hata hivyo, Julai 4, 2025, ndugu hao walipotoka mbele ya watu pale Cardiff wakiwa wameshikana mikono juu, hata mimi niliyekuwa naangalia video ya simu kwa bando ya ishirini bob nilihisi kitu. Watu wazima walilia. Vijana ambao walikuwa watoto wadogo bendi ilipovunjika waliimba kila neno. Ziara ilikuwa ya shoo 41, na ya mwisho ilipigwa Sao Paulo, Novemba 23, 2025.

Lakini shoo zote hizo hazikuwa na wimbo hata mmoja mpya. Albamu yao ya mwisho ni ya 2008. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mara ya kwanza ni sherehe. Ukirudia nyimbo zile zile kila mwaka, kwa mpangilio ule ule, inakuwa ofisi. Mkikosa kitu kipya cha kusema, mage-kwaheri yenu yawe moja tu, na yawe ya kweli.

WALIOKATAA KABISA

R.E.M. waliachana Septemba 2011 baada ya miaka 31, bila ugomvi, bila kesi. Juni 2024 waliimba wimbo mmoja, Losing My Religion, walipoingizwa kwenye jumba la heshima la watunzi wa nyimbo jijini New York. Walipoulizwa kwenye runinga kama watarudi kikamilifu, walicheka na kukana. Mpiga gitaa Peter Buck alieleza kwamba haingekuwa nzuri kama zamani.

Nawaheshimu sana. Lakini tusidanganyike kwamba njia yao ndiyo ya kila mtu. R.E.M. waliondoka wakiwa wamemaliza walichotaka kusema. Kuna bendi ambazo hazikumaliza. Zilikatizwa na kifo, ama na hasira ya usiku mmoja. Kumwambia mtu aliyekatizwa "nyamaza, linda heshima yako" ni kumwambia maisha yake yaliishia pale sisi tulipoacha kumwangalia.

NDIPO NIKASIKIZA

Hilo ndilo lililonirudisha kwa Linkin Park. Kiapo changu kilivunjika siku chache baada ya ile fainali. Nilikaa chini na albamu yao, From Zero, iliyotoka Novemba 15, 2024.

Jina lenyewe lina siri ndogo. Kabla ya kuitwa Linkin Park, walijiita Xero. Kwa hivyo ni kuanza upya, na pia ni kukumbuka walikoanzia. Emily hajaribu kuwa Chester. Ana sauti yake, anapasua kwa njia yake. Na wangeweza kuchukua njia rahisi: kutafuta jamaa anayefanana na Chester kwa sauti, wazunguke dunia na nyimbo za 2000 hadi wazeeke. Hawakufanya hivyo. Waliandika nyimbo mpya na kukubali kupigwa mawe.

Bado siwezi kusikiza baadhi ya zile za zamani zikiimbwa na mtu mwingine. Hiyo ni yangu, sitaki mtu anisukume. Rekodi za Chester ziko pale pale, hakuna shoo ya Munich iliyozifuta. Flashi ya kaka yangu bado iko kwenye droo.

NA SISI JE?

Usidhani hii ni stori ya wazungu peke yao. Mei 2023 Sauti Sol, ambao si bendi ya roki lakini ndio bendi iliyotulea wengi wetu, walitangaza kwamba wanapumzika bila kusema watarudi lini. Novemba mwaka huo wakatuaga na Sol Fest hapa Nairobi. Bien, Chimano, Savara na Polycarp sasa kila mmoja ana njia yake.

Siku moja wataitwa warudi. Kutakuwa na mdhamini, kutakuwa na hundi nono, na sisi kwenye mitandao tutakuwa tunapiga makelele. Siku hiyo ikifika, ningewaomba mambo matatu tu. Kwanza, wafanye mazoezi kama hawajawahi kusifiwa. Pili, tiketi imwache mtoto wa Eastlands aingie. Tatu, watuambie ukweli: kama ni usiku mmoja wa kukumbuka, waseme ni usiku mmoja na wautunze hivyo. Kama wanarudi kuendelea, waje na nyimbo mpya, hata kama zitatuudhi mwanzoni.

Heshima ya bendi si sahani za sebuleni ambazo mama huzifungia kabatini zisiguswe hadi wageni waje. Zinaliwa nazo, zinaoshwa, nyingine zinavunjika. Kilicho muhimu ni kama bado kuna chakula.

Yule dogo wa banda la mpira nilikutana naye tena wiki iliyopita, kwa kinyozi. Nikamuuliza kama bado anasikiza Linkin Park. Akasema ndiyo, na kwamba ameanza kurudi nyuma, albamu baada ya albamu. Amefika 2003.

"Huyo msee wa zamani alikuwa anaimba kama mtu anaumwa kabisa," akaniambia. "Aliendaje?"

Nilivuta kiti nikamsimulia.