Daftari la Mwalimu Nalo Huzeeka

Mtoto akifikishwa kituo cha afya cha kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa nchini Malawi, ana homa kali na viganja vimepoa, anayempokea huenda alisomea Lilongwe, mwendo wa kilomita 40 na ushei. Dakika za mwanzo atafanya alichoandikishwa darasani, na mwalimu wake naye huenda alikiandika hivyo hivyo kwa mwalimu aliyemtangulia. Hapo ndipo roho yangu haitulii.

Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba mtoto wa namna hiyo awekewe dripu ya kasi. Ilieleweka: damu haizunguki vizuri, basi ongeza maji. Ukaja utafiti wa FEAST, uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,000, matokeo yakatoka 2011. Ndani ya saa 48, waliowekewa dripu ya kasi walikufa takriban asilimia 10.5; wasiowekewa, asilimia 7.3. Muuguzi hawezi kuiona tofauti hiyo kwa macho akiwa wodini, maana watoto wengi walipona kwa njia zote mbili.

Kwa hiyo mafunzo ya wahadhiri kazini, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Kamuzu cha Sayansi za Afya, kilichozaliwa 2021 kwa kuunganisha chuo cha udaktari na cha uuguzi, yasiishie kwenye kugawa miongozo mipya. Mwalimu azoee kuuhoji utafiti: wagonjwa walikuwa nani, walipewa nini, wakalinganishwa na nani? Swali la kwanza ndilo zito. FEAST haikuwahusisha watoto wenye kuhara wala utapiamlo mkali. Mhadhiri atakayerudi darasani na kauli kwamba dripu ni hatari atamwangamiza mgonjwa wa kipindupindu aliyekaukiwa maji, na Malawi ilizika watu zaidi ya 1,700 katika mlipuko wa 2022 na 2023.

Hata ushahidi mzuri hupitwa na wakati. Mwaka 1993 Malawi iliiacha klorokwini kabla ya jirani zake wote, kwa kuwa vimelea vya malaria vilikuwa vimeizoea. Mwaka 2006 watafiti wakaripoti kwamba huko Blantyre dawa ileile ilikuwa inatibu tena.

David Sackett na wenzake, walipoeleza mwaka 1996 maana ya tiba inayofuata ushahidi, waliweka mambo matatu pamoja: utafiti, ujuzi wa mtabibu na matakwa ya mgonjwa. Naona hilo la tatu ndilo linalofundishwa kidogo. Dzaleka ina watu zaidi ya 50,000, wengi wametoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili kinasikika kila kona. Mama wa Kivu aliyezoea kuona mtoto mwenye homa akitundikiwa serumu, yaani dripu, atauliza mbona wake hapewi. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa Kiingereza na kuhudumia kwa Kichewa anapaswa kuwa amelifanyia mazoezi jibu la swali hilo, kwa Kiswahili, kabla hajapanda basi la Dowa.