Kabla ya kuchangia lori, kubalianeni mtakavyoamua mkipishana

Chukua wafanyabiashara sita waliochanga fedha, wakanunua vitunguu Mang'ola na kukodi lori moja la kwenda Nairobi. Wakifika Namanga wanasikia bei imeshuka. Watatu wanataka kuuza palepale, wawili wanataka kusubiri, na wa sita hapokei simu. Vitunguu navyo havisubiri mtu.

Ugomvi huo haukuanzia mpakani. Ulianza siku ya kuchanga, kila mmoja alipoona haya kuuliza: tukipishana, nani ana neno la mwisho?

Ukanda wetu umeshalilipia swali hilo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 1967 ilisimamiwa na marais watatu. Idi Amin alipotwaa madaraka Uganda Januari 1971, Mwalimu Julius Nyerere alikataa kuketi naye, na kikao cha juu kikakwama. Yalikuwapo malalamiko mengine, hasa kuhusu nani anafaidi zaidi, lakini hapakuwa tena na meza ya kuyamalizia. Jumuiya ikavunjika 1977. Februari mwaka huo Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, ukafunguliwa Novemba 1983. Kugawana mali na madeni kulihitaji mpatanishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, na makubaliano yakatiwa saini Mei 1984. Miaka saba ya kugawana kilichodumu miaka kumi!

Mkataba wa 1999 uliofufua Jumuiya ulibakiza kanuni ya muafaka, ila uliacha upenyo: wachache wanaweza kutangulia katika jambo fulani, wengine wakafuata kwa mwendo wao. Mwaka 2016 Kenya na Rwanda zilitia saini mkataba wa biashara na Umoja wa Ulaya, Tanzania ikakataa, mambo yakasimama. Februari 2021 wakuu wa nchi wakaruhusu anayetaka aendelee. Kenya ikaendelea, na mkataba wake ukaanza kutumika Julai 2024. Hakuna aliyejitoa Jumuiya kwa sababu hiyo.

Kwenye lori, upenyo huo ni kwamba anayetaka kuuza mapema auze magunia yake, alipe sehemu yake ya nauli, aondoke bila kununiwa. Hilo haliwezekani kama magunia hayana alama ya mwenyewe. Angalieni na karatasi: bidhaa zilizokubaliwa, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, hupita kwa cheti rahisi cha uasili. Mkiunganisha mizigo kwa jina la mmoja na kuvuka kiwango hicho, nafuu hiyo hamna tena, na mbele ya afisa anayetambuliwa ni mwenye jina kwenye hati.

Kura ya wengi siipendi pale mitaji inapotofautiana. Mwenye magunia 40 akishindwa na watatu wenye matano matano, safari ijayo hamtamwona. Mkihesabu kura kwa magunia, mmemfanya bosi. Afadhali bei ya chini kabisa ipangwe na wote kabla ya safari, na mambo ya njiani, kama tairi, maegesho na dalali, aachiwe mmoja anayesafiri na mzigo, adaiwe risiti tu akirudi. Msuluhishi naye achaguliwe mapema, awe mtu asiye na gunia ndani ya lori.

Na asiyepokea simu kwa saa mbili, uamuzi wa waliopo unamfunga. Liandikeni hilo kwenye daftari lile lile la michango, kila mmoja atie saini.