MARADHI YA FIZI: USAFISHAJI KWANZA, TIBA ZA NYONGEZA BAADAYE

Wananchi wengi huona damu katika mate wakati wa kupiga mswaki na kulichukulia jambo hilo kuwa la kawaida. Wengine husukutua kwa maji ya chumvi au hupaka mafuta ya karafuu, na maumivu yakitulia huhesabu kuwa wamepona. Ni vyema ikaeleweka kwamba fizi zenye afya hazitoki damu kwa kupigwa mswaki, na kwamba kutulia kwa maumivu si dalili ya kupona. Maradhi haya kwa kawaida hayaumi katika hatua zake za mwanzo, na hapo ndipo ilipo hatari yake.

Chanzo cha Maradhi

Kila siku hujijenga juu ya meno utando laini wa vijidudu. Utando huo usipoondolewa huchukua madini yaliyomo katika mate ukawa mgumu mfano wa jiwe, na huo ndio ukoga. Mwaka 1965, mtaalamu wa meno Harald Löe na wenzake katika mji wa Aarhus, Denmark, waliwataka watu 12 wenye fizi nzima waache kusafisha meno yao. Katika muda wa siku 10 hadi 21 fizi za wote ziliingia uvimbe. Waliporejea kusafisha, zikapona.

Hali hiyo ikiachwa, ufizi huachana na jino na kufanya mfuko ambamo vijidudu hujificha. Mfupa unaolishika jino huliwa kidogo kidogo, na mfupa uliokwisha kuliwa haurejei wenyewe. Mwishowe jino hulegea na kung'oka. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Ulimwenguni, katika taarifa yake ya mwaka 2022, maradhi makali ya fizi yamewapata watu zaidi ya bilioni moja duniani.

Tiba ya Msingi

Ukoga uliokwisha kuwa mgumu hautoki kwa mswaki, kwa chumvi wala kwa dawa ya kupaka. Hukwanguliwa kwa vyombo maalumu na daktari wa meno au mtaalamu aliyefunzwa kazi hiyo, juu ya jino na chini ya ufizi. Baada ya hapo, mgonjwa hutakiwa kusafisha meno mara mbili kwa siku na kupitisha uzi baina ya jino na jino.

Tiba za Nyongeza

Mswaki wa mti ni sunna inayojulikana na kila Muislamu, na katika miaka ya 1980 Shirika la Afya Ulimwenguni liliunga mkono matumizi yake katika jamii zenye desturi hiyo. Ncha yake itafunwe hadi iwe laini, ikatwe kila inapochakaa, na ifikishwe meno ya nyuma na upande wa ndani, ambako wengi hawafiki. Aidha, dawa ya meno yenye floraidi isiachwe.

Maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa gilasi moja hutuliza fizi zilizovimba. Mafuta ya karafuu yana eujinoli, inayotia ganzi. Lakini yakipakwa bila ya kuchanganywa huweza kuunguza ufizi. Dawa ya kusukutua ya klorheksidini hupunguza vijidudu, ila hutumika kwa muda mfupi, kwani ikizidi hutia meno madoa na kuharibu ladha.

Mwongozo wa Shirikisho la Ulaya la wataalamu wa maradhi ya fizi, uliotolewa mwaka 2020, haukupendekeza miale ya leza kuwa nyongeza ya ukwanguaji, wala haukuruhusu antibiotiki kupewa kila mgonjwa. Kwa hivyo, haifai kununua vidonge hivyo dukani bila ya cheti cha daktari. Kusugua meno kwa mkaa au mchanga nako hukwaruza jino na kuumiza ufizi.

Wanaopaswa Kujihadhari Zaidi

Wenye maradhi ya sukari huathirika haraka, na fizi mbovu nazo huifanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa. Tafiti zimeonesha kuwa kutibiwa fizi husaidia kuiteremsha. Waja wazito nao fizi zao huvimba kwa wepesi. Wavutaji wa sigara huweza wasione damu ilhali mfupa unaliwa. Walaji wa tambuu yenye popoo na tumbaku wafahamu kuwa, mbali na fizi, vitu hivyo huleta saratani ya mdomo.

Wananchi wanaombwa kwenda kuchunguzwa kila waonapo damu, uvimbe au harufu mbaya ya mdomo isiyoondoka. Watumishi wa Serikali nao wasingoje jino litikisike ndipo waombe ruhusa ya kwenda hospitali. Chumvi, karafuu na mswaki wa mti ni wasaidizi wema; lakini msaidizi hafanyi kazi ya mwenye kazi.