Mbwa wa Nyumbani Akifa

Mwezi huu tumeona vema tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi huona haya kulisema: huzuni ya kufiwa na mbwa.

Kwetu Shinyanga na Geita mbwa si pambo la nyumba. Usiku hubweka fisi anaposogelea zizi. Mchana hufuatana na watoto machungani. Huko machimboni hulinda kibanda wakati mwenyewe yumo duarani akitafuta dhahabu. Mbwa wa namna hiyo akifa, nyumba huwa kimya, na watoto hulia. Kulia huko si upumbavu. Hata Kitabu cha Tobiti hakikumsahau mbwa aliyefuatana na kijana Tobia safarini.

Wazazi wengine humkaripia mtoto: "Nyamaza, ni mbwa tu!" Wengine humdanganya kwamba mbwa amepotea, naye mtoto akaendelea kumngoja. Tunawasihi msifanye hivyo. Mwambieni ukweli kwa upole, tena mketi naye. Iko sababu ya huruma, na iko sababu ya afya.

Alikufaje?

Mbwa hufa kwa uzee, kwa kuumwa na nyoka, kwa kugongwa na gari au kwa sumu. Lakini wapo wanaokufa kwa kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu huletwa na virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Humwingia mtu kwa kung'atwa, kwa kukwaruzwa, au mate yakigusa kidonda, macho au mdomo. Kumpapasa manyoya tu hakuambukizi.

Basi tujiulize: je, siku za mwisho alibadilika tabia? Mbwa mpole akawa mkali, au mkali akapooza na kujificha gizani? Alitafuna vijiti na mawe? Sauti ilikauka? Alitokwa na mate mengi, taya likalegea asiweze kumeza? Hapo wengi hukosea. Hudhani amekwamwa na mfupa, wakatia mkono kinywani kumsaidia. Upendo huo umewaponza watu.

Mtoto anaficha nini?

Mara nyingi mtoto anayempenda mbwa wake huficha kwamba amekwaruzwa au amemegwa kidogo. Anaogopa mbwa atauawa, au yeye mwenyewe atachapwa. Mbwa anapokufa, siri hiyo hubaki moyoni mwa mtoto. Ukimkaripia kwa kulia, hatakuambia. Ukimfariji, atasema. Muulize polepole: "Alikung'ata? Alikulamba penye kidonda? Lini?" Waulize pia majirani na wachungaji wenzake, hasa juu ya siku kumi na nne za mwisho, maana mate huweza kuambukiza hata siku chache kabla mbwa hajaonyesha dalili.

Aliyeumwa afanye nini?

1. Aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 15 kamili. Asipake pilipili, mafuta wala majani.

2. Aende zahanati, kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo. Si kila zahanati ina chanjo hii, hivyo aulize apelekwe wapi.

3. Amalize sindano zote kwa tarehe atakazopangiwa, hata kama jeraha limepona.

Dalili kwa mtu huchukua mara nyingi miezi miwili au mitatu kutokea, pengine mwaka. Kwa hiyo hata kama majuma yamepita, asiseme nimechelewa, aende. Virusi husafiri polepole katika mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, na chanjo huweza kuvitangulia. Lakini dalili zikishaanza, kama vile kuogopa maji na kuweweseka, karibu kila mgonjwa hufa.

Tumzike vipi?

Kama mna shaka na kifo chake, mwiteni kwanza bwana mifugo. Pengine atataka kuchukua sehemu ya kupimwa. Msimguse kwa mikono mitupu. Vaeni glovu au mifuko ya nailoni. Mchimbieni shimo refu ambalo fisi na mbwa wengine hawatalifukua, mbali na kisima. Msimtupe porini, wala katika duara lililoachwa, kwa maana maji ya humo huenda watu wakayachota. Baada ya kufukia, watoto waweke mawe juu au wapande mti, na kila mmoja aseme anachokikumbuka.

Kumbukumbu iliyo bora

Kila mwaka watu wapatao 59,000 duniani hufa kwa ugonjwa huu, wengi Afrika na Asia, na karibu wote waliambukizwa na mbwa. Hata hivyo unazuilika. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kisiwa cha Pemba ni shahidi: ugonjwa ulikomeshwa huko mwaka 2014 kwa kuchanja mbwa, ukarudi mwaka 2016, nao watu wakachanja tena hadi ukakoma.

Tarehe 28 Septemba huadhimishwa duniani kama siku ya kupambana na kichaa cha mbwa. Ndiyo siku aliyofariki Louis Pasteur, mwaka 1895. Yeye ndiye aliyemchanja kijana Joseph Meister mwaka 1885 baada ya kung'atwa na mbwa, akapona.

Wengi wenu mtafuga mbwa mwingine. Mpeni hata jina la yule wa kwanza, kama watoto wanapenda. Lakini mpelekeni kwa bwana mifugo achanjwe, na chanjo irudiwe kila mwaka. Hivyo ndivyo tutakavyomkumbuka vema aliyetulinda: kwa kuwalinda watoto aliokuwa akifuatana nao.