Makaburi hayaambukizi

"Papa Mwalimu, watoto wakitoka makaburini tuwaogeshe na nini?" Swali hili hunifikia kila mwaka, wazazi wanapojiandaa kwa tarehe 1 Agosti, sikukuu ya wazazi. Waogesheni kwa maji na sabuni, kama siku nyingine yoyote waliyocheza kwenye vumbi. Chumvi haihitajiki, wala majani ya kuchemsha, wala chupa ya maji yaliyoombewa. Anayewauzia vitu hivyo anawaibia.

Wengi huniambia kwamba hewa ya makaburi "inashika" watoto, na kwamba hiyo ni mila ya mababu. Mababu gani hao? Vijijini Bushi, kuzunguka Bukavu yetu, watu wengi wamezikwa uani, kando ya migomba, na watoto wamekulia papo hapo. Waliowatia watu hofu ya hewa ya makaburi ni madaktari wa Ulaya ya karne ya 18. Kwa hofu hiyo makaburi ya Innocents mjini Paris yalifungwa mwaka 1780, na wafu wakaanza kupelekwa nje ya miji. Karne iliyofuata, Robert Koch na wenzake walipoonyesha kwamba magonjwa huletwa na vijidudu, utabibu uliachana na nadharia hiyo ya hewa mbaya. Sisi bado tunailea na kuiita yetu!

Hatari ya kweli ninaijua. Ebola ilipofika Mwenga, huku Kivu Kusini, Agosti 2019, kumwosha na kumshika aliyekufa kwa ugonjwa huo kulikuwa kujitia kitanzi. Kipindupindu nacho kinataka tahadhari ya namna hiyo. Lakini hayo ni mambo ya maiti kabla ya maziko. Mtu aliyezikwa Bukavu ikiitwa bado Costermansville hana ugonjwa wa kumpa mwanao.

Hofu hii inatugharimu. Makaburi ya Ruzizi, hapa mjini, pale Ibanda, yamevamiwa na nyumba, na mahali pasipotembelewa hapana wa kupatetea. Lakini Kampala, kwenye makaburi ya Kasubi walikolala makabaka wanne, wafalme wa Buganda, familia na wanafunzi huvua viatu, huketi chini na kuelezwa kwa nini Waganda hawasemi kabaka amekufa, bali ameingia msituni. Nyumba kuu ilipoungua Machi 2010, watu walilia, kisha ikajengwa upya. Walikuwa wanaijua, ndiyo maana.

Nasi tunayo siku yetu. Tarehe 1 Agosti Kongo nzima huamkia makaburini kufyeka nyasi na kusafisha, halafu mchana ni wa wazazi walio hai. Kumfungia mtoto nyumbani asubuhi hiyo ni kumnyima nusu ya sikukuu, tena ile nusu yenye mafunzo.

Basi, nendeni kiangazi, njia zikiwa kavu. Mkiogopa, anzieni kwenye kanisa kuu la Notre-Dame de la Paix, kwenye kaburi la Askofu mkuu Munzihirwa, aliyeuawa hapa mjini, Nyawera, tarehe 29 Oktoba 1996. Chukueni mzee mmoja awaeleze watoto nani alinyoa nywele, nani alikesha, matanga yaliondolewa lini na kwa chakula gani. Ombeni ruhusa kwa mlinzi. Msikalie kaburi la mtu. Mkikuta maziko, wapisheni wafiwa. Majina yanayofutika yapigeni picha na kuyaandika daftarini kabla mvua za Septemba hazijaanza.