Mpasuaji Naye Huchakaa

Tarehe 6 Mei 2020, maambukizi ya korona yalipozidi, Serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuingia na kutoka Mji wa Kale, Mombasa. Hospitali za Kizingo na Makadara haziko mbali na hapo, lakini mgonjwa wa ngiri sasa alikuwa na kizuizi mbele yake, kafyu usiku, na hofu ya hospitali yenyewe.

Tunapozungumzia uchovu wa madaktari wakati ule, tunafikiria wingi wa kazi. Kwa mpasuaji, kutopasua nako kulikuwa mzigo. Mtandao wa watafiti wa COVIDSurg ulikadiria kuwa operesheni milioni 28 zingeahirishwa au kufutwa duniani katika majuma 12 ya kilele cha janga. Upasuaji wa ngiri ukicheleweshwa, utumbo unaweza kunaswa, ukakosa damu na kuoza. Mtu ambaye angeshonwa na kurudi kwake siku ileile huletwa usiku akiwa mahututi. Daktari aliyemwambia asubiri, hata kama hakuwa na la kufanya, hulala na neno hilo.

Na akipasua, ana hofu nyingine. Mgonjwa anapotiwa mpira wa kupumulia kwa ajili ya nusukaputi, chembe zenye virusi huweza kutawanyika chumbani. Ndipo yakaja mavazi mazito ya kinga, barakoa inayobana, jasho, na kurudi nyumbani akiogopa kuwagusa wanawe. Hofu hiyo haikuwa ya kuwaza tu: tarehe 10 Julai 2020 Kenya ilimpoteza Dkt. Doreen Lugaliki, daktari bingwa wa uzazi na magonjwa ya wanawake, kwa korona.

Mizigo hii ikirundikana, huzaa uchovu wa kazini (kwa Kiingereza, burnout). Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza kuwa matokeo ya msongo wa kazi usiodhibitiwa, wala halikuuita ugonjwa. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, moyo kujitenga na kazi, hata mgonjwa akaonekana kama namba ya kitanda, na kuhisi kwamba hufanyi la maana. Usingizi wa siku mbili huondoa uchovu wa kawaida, lakini huu hauondoki.

Wapasuaji hufunzwa kuvumilia, basi wengi hunyamaza. Wahenga walionya kwamba mficha maradhi kilio kitamuumbua. Hata hivyo, kumhimiza daktari ajikaze au aende likizo hakutoshi, kwa kuwa chanzo kiko kazini na tiba ianzie huko. Zamu ziwe na kikomo. Uamuzi wa nani asubiri ufanywe na jopo, usiachiwe mtu mmoja. Mgonjwa akifa mezani, timu ikae izungumze kabla ya kuitwa anayefuata. Ushauri nasaha utolewe kwa siri, na vifaa vya kinga na bima ya afya visisubiri mgomo kama ule wa madaktari wa Desemba 2020.

Mambo haya yawekwe sasa, kukiwa shwari. Janga likishaingia, hakuna atakayepata nafasi ya kuyapanga.