Mpimaji Asimdhuru Apimwaye: Nafasi ya Kumbukumbu Ndani ya Kiini cha Kompyuta

Kila chombo cha kupimia hugusa kwa kiasi fulani kile kinachopimwa. Kipimajoto kikitumbukizwa katika kikombe cha maji ya moto, huchukua sehemu ndogo ya joto la maji hayo. Ammita ikiungwa katika saketi, huongeza ukinzani wake yenyewe. Fundi hodari hawezi kuiondoa athari hiyo kabisa, lakini huipunguza mpaka iwe ndogo sana. Kanuni hii, ambayo wanafunzi wa fizikia hufundishwa mapema, inatawala pia upimaji wa mwenendo wa kompyuta. Katika makala haya tutaeleza tatizo moja la upimaji huo: yafaa kufanywa nini chombo cha upimaji kinapoomba nafasi ya kumbukumbu iliyo kubwa kuliko ile ambayo mashine inaweza kuitoa kwa usalama?

KIINI NA MPIMAJI WAKE

Kompyuta huongozwa na mkusanyiko wa programu uitwao mfumo wa uendeshaji. Sehemu ya ndani kabisa ya mfumo huo huitwa kiini, au kerneli. Kiini ndicho kinachogawa zamu za prosesa, kinachoipa kila programu sehemu yake ya kumbukumbu, na kinachopokea habari kutoka katika diski na nyaya za mawasiliano. Programu ya kawaida ikikosea, kiini huisimamisha, na kazi nyingine huendelea. Lakini kiini chenyewe kikikosea, hakuna kilicho juu yake cha kukisahihisha. Mara nyingi mashine nzima husimama.

Mashine inapokwenda polepole na sababu haijulikani, wataalamu hutumia chombo cha kuchunguza kiini. Chombo cha namna hii hufanya kazi kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuchukua sampuli: mara nyingi katika kila sekunde huandikwa ni sehemu gani ya programu inayotekelezwa wakati huo. Njia ya pili ni kuweka mitego mahali maalumu ndani ya programu, na kuandika taarifa kila mtego unapopitiwa.

Mfano mashuhuri ni DTrace, iliyotungwa na Bryan Cantrill, Michael Shapiro na Adam Leventhal wa kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani, na kutolewa pamoja na mfumo wa Solaris 10 mwaka 2005. Katika maelezo waliyoyachapisha mwaka 2004, watunzi hao walieleza habari ya seva moja ya kampuni yao iliyokuwa Broomfield, katika jimbo la Colorado. Seva hiyo ilikuwa na prosesa 10, kumbukumbu ya gigabaiti 32, na watumiaji wapatao 170, nayo ilikuwa ikizorota mara kwa mara. Uchunguzi ulionyesha kuwa sehemu ya lawama ilikuwa ya kiprogramu kidogo cha kuonyesha bei za hisa kwenye skrini za watumiaji. Tuzingatie hapa kwamba seva ilichunguzwa ikiwa kazini, watu wakiitegemea. Chombo ambacho kingeiangusha mashine hiyo kwa ajili ya kuipima kingekuwa na hasara kuliko faida.

BAFA NI NINI, NA KWA NINI HUKUA

Taarifa zinazokusanywa haziwezi kuandikwa katika diski moja kwa moja, kwa kuwa diski ni ya polepole mno ikilinganishwa na prosesa. Kwa hiyo huwekwa kwanza katika sehemu ya kumbukumbu iliyotengwa, iitwayo bafa, kisha programu ya mchunguzi huja kuzichota. Katika utaratibu wa kawaida wa DTrace, kila prosesa hupewa bafa mbili: moja inapojazwa, nyingine huchotwa, kisha hubadilishana kazi. Hivyo prosesa hazingojeani.

Utaratibu huu ni mzuri, lakini una hesabu yake. Mtumiaji hutaja ukubwa wa bafa moja tu, na mara nyingi husahau kuzidisha. Ukubwa wa kawaida ni megabaiti 4. Kwa seva yenye prosesa 10, jumla yake ni 4 × 2 × 10, yaani megabaiti 80, kiasi kisichotisha. Mtu mwenye pupa ya kupata taarifa nyingi akiomba gigabaiti 2, jumla huwa gigabaiti 40, ilhali mashine ya Broomfield ilikuwa na 32 tu. Tena kumbukumbu ya namna hii hukaa imara mahali pake, haihamishiwi katika diski kama kumbukumbu ya programu za kawaida inavyoweza kuhamishwa. Kila baiti aliyopewa mpimaji ni baiti waliyonyimwa wengine.

KUKATAA AU KUPUNGUZA

Kuna njia mbili za kulijibu ombi lililopita kiasi. Ya kwanza ni kukataa waziwazi. Chombo cha perf, kilichoingizwa katika mfumo wa Linux mwaka 2009, hufuata njia hii. Kwa kawaida mtumiaji asiye msimamizi huruhusiwa kilobaiti 516 kwa kila prosesa: 512 za taarifa na ukurasa mmoja wa kilobaiti 4 wa maelezo. Akizidisha, ziada huhesabiwa katika kiwango chake mwenyewe cha kumbukumbu isiyohamishika. Kiwango hicho nacho kikipitwa, ombi hukataliwa, na chombo humshauri aombe kurasa chache zaidi au kikomo kiongezwe.

Njia ya pili ni kupunguza, nayo ndiyo DTrace huifuata isipoamriwa vinginevyo. Tuseme kwamba mashine yetu ya prosesa 10 ina gigabaiti 6 zilizo wazi. Ombi la gigabaiti 2 kwa bafa, yaani 40 kwa jumla, hushindikana. Chombo hugawa kwa mbili na kujaribu tena: gigabaiti 20, hazipo; gigabaiti 10, hazipo; gigabaiti 5, zinapatikana. Kisha mtumiaji huarifiwa kwamba ukubwa wa bafa umeshushwa hadi megabaiti 256.

Katika njia hii kuna mambo matatu ya kuangaliwa. Kwanza, kiini hakingoji kumbukumbu ipatikane. Kama haipo, jibu hutolewa papo hapo. Pili, ikiwa prosesa sita zimekwisha kupewa bafa na ya saba imekosa, zile sita hurudishwa zote kabla ya kujaribu tena. La sivyo, kila jaribio lingeacha kumbukumbu imeshikwa bila kazi. Tatu, mtumiaji huambiwa. Kumpunguzia mtu bila kumwarifu ni kumdanganya, kwa sababu atayasoma matokeo yake akidhani yametoka katika bafa kubwa.

HATARI ILIYOFICHIKA KATIKA KUZIDISHA

Kuna kosa jingine lililo baya zaidi, kwa sababu halionekani. Mita ya kilomita ya gari yenye tarakimu tano ikifika 99,999 hurudi 00,000. Hesabu za kompyuta zina tabia hiyohiyo. Namba ya biti 32 haiwezi kupita 4,294,967,295. Ikipita, huanza upya.

Tuchukue mtumiaji anayeomba kurasa 1,048,577, kila ukurasa ukiwa na baiti 4,096. Jibu sahihi la kuzidisha ni 4,294,971,392. Likiwekwa katika biti 32, hubaki 4,096 tu. Kiini kitatoa ukurasa mmoja, kikiamini kimetimiza ombi. Nacho chombo kitaandika kikiamini kina kurasa zaidi ya milioni. Kuanzia ukurasa wa pili kitakuwa kinafuta mali ya wengine. Hapo kushindwa kwa ombi kungekuwa afadhali mara elfu kuliko kufaulu kwake.

Kinga yake ni rahisi: kabla ya kuzidisha, gawa. 4,294,967,295 ikigawanywa kwa 4,096 hutoa 1,048,575 na baki. Idadi yoyote ya kurasa iliyo juu ya hiyo hukataliwa kabla hesabu haijafanywa.

KUPOTEZA NA KUSEMA

Bafa iliyopunguzwa huenda ikajaa kabla haijachotwa, na taarifa zinazofuata zikapotea. Je, kipimo hicho ni batili? Tufikirie kipimamvua cha shule kilichofurika usiku. Anayekisoma asubuhi bila kujua kwamba kilifurika ataandika namba ya uongo. Anayejua ataandika kwamba mvua ilikuwa si chini ya kiasi hicho. DTrace huhesabu taarifa zilizokosa nafasi katika kila prosesa na kutaja idadi yake. Perf nayo huandika idadi ya zilizopotea. Mchunguzi akijua kiasi kilichopotea, anaweza kupima kama hitimisho lake linasimama, au kurudia kazi akikusanya taarifa chache zaidi. Mara nyingi njia hii ya pili ndiyo bora. Badala ya kuandika kila tukio, yatosha kuhesabu matukio kwa aina zake, na bafa ndogo ikatosha.

Basi uaminifu wa chombo cha upimaji hauonekani kwa wingi wa taarifa kinazokusanya, bali kwa mambo mawili: kutoidhuru mashine inayopimwa, na kutoficha kile kilichoshindwa kupimwa.

ZOEZI LA DARASA

Mashine ina prosesa 16 na gigabaiti 12 za kumbukumbu zilizo wazi. Mtumiaji ameomba bafa ya gigabaiti 1, na kila prosesa hupewa bafa mbili. (a) Jumla ya ombi ni gigabaiti ngapi? (b) Chombo kitagawa kwa mbili mara ngapi kabla ya kufaulu? (c) Kila bafa itakuwa na megabaiti ngapi, na watumiaji wengine watabakiwa na gigabaiti ngapi? (d) Je, ni busara kwa mpimaji kuchukua kiasi hicho? Wanafunzi watoe sababu.